Kusikiliza ni Amana: Somo kutoka Darasa la Unasihi

  



Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya saikolojia ya unasihi hapa Kampala. Tangu nianze masomo haya nimekuwa nikiulizwa maswali mawili. Msikitini naulizwa: sisi tuna Qur-ani na Sunna, na tuna masheikh wa kutuelekeza, saikolojia ya Wazungu ni ya nini tena? Darasani naulizwa: wewe mtu wa dini, uliyezoea kusema hili halali na lile haramu, utawezaje kumsikiliza mtu bila kumhukumu? Maswali yote mawili ni ya haki, na jibu lake linatuhusu sisi sote, hata yule anayesomea uhandisi au biashara. Kila muhula wapo ndugu na dada zetu wanaomfuata amiri, mwenzao wa chumbani au rafiki wa halaqa wakiwa wamebeba jambo zito. Namna wanavyopokelewa siku hiyo ndiyo huamua kama watathubutu kumwambia mtu mwingine tena, au watanyamaza mpaka mambo yaharibike.

Katika somo hili nitaeleza mafunzo ya unasihi yakoje, yanagusana wapi na dini yetu, na tunaweza kuchukua nini humo kwa ajili ya jumuiya yetu.

Neno na asili yake

Neno unasihi limetokana na nasaha, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Katika hadithi ya Tamim ad-Dari (r.a.) aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ameieleza dini yenyewe kuwa ni nasaha. Wanachuoni waliofafanua hadithi hii, akiwemo Imam al-Khattabi, wamesema kwamba katika lugha neno hilo lina asili mbili zinazotajwa: kuichuja asali mpaka nta iondoke, na kuishona nguo iliyochanika. Iangalie hiyo ya pili. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajapima. Akikukatia kwa kukutazama tu akiwa ng'ambo ya barabara, kitambaa kitaharibika hata kama mkono wake ni hodari. Nasaha nayo ina kupima kwake, na kupima huko ni kusikiliza.

Unasihi kama taaluma ya chuo kikuu ni mchanga. Mwaka 1908, Frank Parsons alianzisha ofisi mjini Boston, Marekani, ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi inayowafaa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wengi waliorudi nyumbani walihitaji msaada wa kuanza maisha upya, na vyuo vikawa na kazi kubwa ya kuwaandaa wasaidizi. Mwaka 1951 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha Northwestern, wakakubaliana juu ya jina la saikolojia ya unasihi na namna ya kuwafundisha watakaoifanya.

Historia hii inaonyesha unasihi ulizaliwa kwa ajili ya nani. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, na anaweza kuandika dawa. Mnasihi haandiki dawa; chombo chake ni mazungumzo. Wengi wanaokuja kwake ni watu wenye akili timamu waliofika njia panda: aliyefiwa, aliyeachwa, aliyeshindwa mtihani, asiyejua asome nini, mwenye ndoa inayoyumba. Kumwona mnasihi si dalili ya wazimu, kama wengi wetu wanavyodhani.

Mafunzo yenyewe yakoje

Shahada ya uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili. Kwanza kuna nadharia: namna mwanadamu anavyokua tangu utotoni hadi uzeeni, mafundisho mbalimbali ya unasihi, kutambua dalili za maradhi ya akili, vipimo, maadili ya taaluma na mbinu za utafiti. Mwishoni kuna tasnifu, ambayo huwezi kuanza kukusanya habari zake mpaka kamati ya maadili ya utafiti ikupe kibali.

Baina ya hayo mawili kuna sehemu inayowatoa watu jasho: mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hupelekwa hospitalini, shuleni au kwenye kituo cha unasihi, akakutana na watu halisi wenye matatizo halisi. Kila chuo kina idadi yake ya saa. Ili upate kipimo, viwango vya CACREP, chombo kinachokagua mafunzo ya unasihi nchini Marekani, vinamtaka mwanafunzi wa uzamili afanye saa 100 za mazoezi ya awali, 40 kati yake akiwa na wateja, kisha saa 600 za mazoezi makubwa, 240 kati yake akiwa na wateja. Hakuna anayehitimu kwa kukariri vitabu.

Saa hizo zote huambatana na usimamizi. Mwanafunzi huandika mazungumzo neno kwa neno, au huyarekodi kwa ridhaa ya mteja, kisha huketi na msimamizi wake wakayapitia mstari kwa mstari. Msimamizi anaweza kulisimamia neno moja kwa nusu saa. Swali linaloulizwa sana katika vikao hivi ni hili: uliposema hivyo, ulikuwa unamsaidia yeye au ulikuwa unajituliza wewe?

Ukilitafakari swali hilo utaona lina uzito. Mtu anapolia mbele yetu, moyo wetu nao hutaabika, na ulimi hukimbilia kusema neno la kumnyamazisha. Tunamwambia asubiri, amtegemee Mungu, ashukuru kwamba wapo walio na hali mbaya zaidi. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini yakitangulia kabla hatujajua kilichompata, mwenye kupata nafuu mara nyingi ni msemaji, na aliyekuja na mzigo huondoka nao. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sikio kabla ya ulimi

Aliyeitikisa taaluma hii katika karne iliyopita ni Mmarekani Carl Rogers (1902–1987). Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1957 alitaja masharti ambayo mtu hawezi kubadilika bila hayo katika unasihi. Matatu yanamhusu mnasihi mwenyewe: awe mkweli, asivae sura ya bandia, amkubali mteja kama alivyo, bila kumwekea masharti, na aielewe hali yake kutoka ndani, kana kwamba anaitazama kwa macho yake.

Katika mazoezi ya darasani, haya hugeuka kuwa mambo madogo yanayoonekana rahisi. Kukaa bila kushika simu. Kutomkatiza mtu. Kukiacha kimya kipite bila kukijaza kwa maneno. Kumrudishia mtu maana ya alichosema ili athibitishe kama umemwelewa. Kuuliza swali ambalo halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu leo kumsikiliza mwenzako kwa dakika kumi bila kumpa ushauri hata mmoja na bila kumsimulia yako yaliyofanana na yake.

Sisi Waislamu hatukuanza kuyasikia haya kwa Rogers. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama (r.a.) habari ya kijana aliyemjia Mtume (s.a.w.) akaomba aruhusiwe kuzini. Waliokuwepo wakamgeukia na kumkemea. Mtume (s.a.w.) akamwita akaribie, na kijana akaja akaketi. Akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake. Akajibu la. Akamuuliza kuhusu binti yake, dada yake, shangazi yake na mama yake mdogo, na kila mara kijana akajibu la, na kila mara Mtume akamkumbusha kwamba watu wengine nao hawalipendi kwa jamaa zao. Kisha akaweka mkono wake juu ya kijana yule, akamwombea asamehewe dhambi, asafishiwe moyo na ahifadhiwe tupu yake. Kijana hakuligeukia tena jambo lile.

Tazama mpangilio wake. Kwanza kumsogeza karibu. Pili maswali yanayompa kijana nafasi ya kufikiri na kujijibu. Tatu mkono na dua. Haramu imebaki haramu tangu mwanzo wa kikao hadi mwisho, na kijana ameondoka bila kudhalilishwa.

Je, kutohukumu ni kuridhia maovu?

Hapa ndipo mwanafunzi Muislamu hukwama, na ni vizuri tuseme wazi. Tunaamrishwa kuamrisha mema na kukataza maovu. Tutaketije na mtu anayetueleza maasi yake, nasi tukae kimya?

Ninavyolielewa mimi ni hivi. Kumkubali mtu na kulikubali tendo ni mambo mawili. Daktari aliyepokea mgonjwa wa ulevi halazimiki kuipenda pombe ili amtibu ini. Mteja aliyeamua kuja na kusema, mara nyingi moyo wake umeshamhukumu kabla yako. Kumwongezea hukumu nyingine si kumfahamisha jambo jipya. Kinachompungukia ni mahali pa kuufungua mzigo aone ndani yake kuna nini.

Hata hivyo tofauti ipo, na tusiifunike. Kwa Rogers, mtu anayo ndani yake dira ya kutosha kumfikisha. Sisi tunaamini mwanadamu ameumbwa katika fitra, lakini pia anahitaji wahyi wa kumwongoza. Kwa hiyo siyachukui mafundisho yote ya darasani kama yalivyo. Nachukua adabu ya kusikiliza, kwa kuwa Sunna inaithibitisha, na naacha dai kwamba nafsi inajitosheleza. Mteja Muislamu akiniuliza hukumu ya jambo, namwelekeza kwa mwanachuoni anayeijua, kwa sababu mnasihi si mufti. Na sheikh akiletewa mtu asiyelala usiku kwa miezi, anayesikia sauti au anayetaka kufa, naye amwelekeze kwa daktari. Kila mmoja akijua mpaka wake, mgonjwa hapotei katikati.

Jambo jingine ni faragha ya mwanamume na mwanamke. Mteja ana haki ya kuomba mnasihi wa jinsia yake, na ni vizuri aombe. Isipowezekana, yako mambo ya kupanga mapema: chumba chenye mlango wa kioo au dirisha linaloonekana, saa za kazi ambapo watu wengine wapo, na kumuuliza mwanachuoni unayemwamini kuhusu mazingira ya kituo chako. Haja ya wanasihi wa kike wa Kiislamu ni kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Dada anayesoma makala hii na kufikiria kozi hii, ajue kwamba anasubiriwa.

Siri na mipaka yake

Kozi ya maadili ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa kuwa niliona humo mambo niliyoyasikia kwenye darsa tangu utotoni. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyopokelewa na Abu Dawud na Tirmidhi, tumefundishwa kwamba mtu akisema jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, maneno yake yamekuwa amana. Hajasema kwamba ni siri. Kutazama kwake pembeni kumetosha. Naye Anas (r.a.), akiwa bado mtoto, alitumwa na Mtume (s.a.w.) akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake alipomuuliza alitumwa nini, akajibu kwamba ni siri. Mama yake hakumlazimisha. Alimwambia asimweleze yeyote siri ya Mtume.

Sasa tujitazame. Ndugu anamweleza kiongozi kwamba mkewe ameondoka. Jioni hiyo, kwenye kikundi cha WhatsApp, linatoka ombi la dua kwa ndugu yetu wa mwaka wa tatu anayepitia mtihani katika ndoa yake. Jina halikutajwa, lakini wenye ndoa mwaka wa tatu wanahesabika. Nia ilikuwa dua, na siri imekwisha kuenea. Usengenyaji uliovaa kanzu ya dua bado ni usengenyaji. Ukitaka kumwombea, mwombee katika sijda yako. Mwenyezi Mungu anamjua bila kikundi.

Lakini siri ina mipaka, na hapa mafunzo ya chuo yana msaada mkubwa. Tunafundishwa kesi ya Tarasoff. Mwaka 1969, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba anakusudia kumuua msichana fulani. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, wakamhoji na kumwachia. Hakuna aliyemwonya msichana wala wazazi wake, naye akauawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba mtaalamu akijua kuna hatari kubwa, ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa kumlinda anayelengwa.

Tangu hapo, wanafunzi wa unasihi katika nchi nyingi hufundishwa mipaka ya siri: mteja akiwa katika hatari ya kujidhuru, akiwa anakusudia kumdhuru mwingine, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Fiqhi yetu haiko mbali na hayo. Imam an-Nawawi, katika Riyadhus-Salihin, ametaja hali sita ambazo inajuzu kumtaja mtu kwa yale asiyoyapenda, miongoni mwake ni kudai haki ya aliyedhulumiwa na kuwatahadharisha watu na shari. Tena hata hapo unasema kwa anayehusika tu, na kwa kiasi kinachohitajika tu.

Adabu ya kutunzwa hapa ni kwamba mipaka ya siri husemwa kabla ya siri. Mnasihi humweleza mteja katika kikao cha kwanza: utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia kwanza ikiwezekana. Ukiahidi kutunza kila kitu, halafu ukalazimika kusema, umevunja ahadi. Ukiahidi usawa tangu mwanzo, hujamhini mtu.

Kwa kuwa jambo la kujiua linatufikia hata sisi tusio wataalamu, nalitaja wazi. Ukihofia kwamba mwenzako anawaza kujiua, muulize kwa maneno ya moja kwa moja. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, usimwache peke yake. Ondoa dawa za wadudu, vidonge na vitu vya hatari vilivyo karibu naye. Mwite mtu mzima anayemwamini, mfikisheni hospitalini usiku huohuo. Hapa kwetu Hospitali ya Butabika ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa kwa maradhi ya akili, na hospitali nyingine kubwa hupokea wagonjwa wa dharura na kuwaelekeza. Suala la imani yake litapata wakati wake. Usiku huo kazi ni kumlinda apambazukiwe.

Huzuni ina jina lake kwa kila lugha

Kuna utafiti uliofanyika katika nchi hii ambao kila mwanafunzi wa Kiafrika wa unasihi aujue. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walikwenda wilaya za Masaka na Rakai, mahali palipokuwa pamepoteza watu wengi kwa UKIMWI. Hawakuanza kwa kuuliza nani ana sonona kwa maneno ya vitabu vya Marekani. Waliwauliza wenyeji wenyewe kwamba ugonjwa huu umewaletea shida gani, na wenyeji wakataja hali mbili kwa Kiganda: yo'kwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubazida, mtu kujihurumia na kujiona hana bahati. Hali hizo zilikaribiana sana na sonona.

Kisha ikafuata tiba ya vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, ikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi. Mazungumzo yalihusu msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Vijiji 30 viliingizwa katika utafiti, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliopewa tiba walikuwa na sonona. Baada yake, asilimia 6.5. Wale ambao hawakupewa tiba walitoka asilimia 94 na kubaki asilimia 54.7.

Ninapata mafunzo mawili hapa. La kwanza, kijiji hakikungoja kijaliwe madaktari. Watu wa kawaida waliofundishwa vizuri na kusimamiwa walileta nafuu kubwa. La pili, msaada ulianza kwa kulisikiliza neno la mwenye huzuni. Mwanafunzi wa Bujumbura, wa Bukavu au wa Mbale anaposema kifua kinamuuma, moyo umechoka au mawazo ni mengi, huenda anataja sonona kwa lugha ya kwao.

Huzuni yenyewe haimtoi mtu katika imani. Katika Surat Yusuf tunasoma kwamba Nabii Yaaqub (a.s.) alipoteza nuru ya macho kwa huzuni, naye ni Mtume, na subira yake ni nzuri. Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akaeleza kwamba ni rehema. Kumwambia aliyefiwa na baba yake wiki iliyopita kwamba kulia kwake ni upungufu wa imani ni kumnyima kile ambacho Mitume wamepewa.

Urithi tuliousahau

Tunarudi kwa swali la msikitini: elimu hii ni ya Wazungu? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu Masalih al-Abdan wal-Anfus, kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Alilalamika kwamba matabibu wa zama zake waliushughulikia mwili na kuisahau nafsi. Alieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliinasibisha na mwili na kuielekezea tiba ya mwili pia. Alishauri kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, ajiwekee fikra njema wakati ametulia, zimfae siku atakapotikiswa.

Katika zama zetu, msomi wa Sudan Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021, aliandika mwaka 1979 kitabu kuhusu mtihani unaowakuta wanasaikolojia Waislamu: kumeza kila nadharia ya Magharibi bila kuichuja. Yeye mwenyewe hakuikimbia elimu hii. Aliisomea, akaifanyia kazi, na baadaye akatafsiri sehemu ya kitabu cha al-Balkhi kuhusu nafsi kwa Kiingereza. Huo ndio mwendo ninaoutaka kwetu: kuchuja, kama asali inavyochujwa nta.

Kwa anayetaka kusoma

Kabla hujalipa karo, uliza mambo haya. Je, programu imepata ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, au chombo kama hicho katika nchi utakakosoma? Mazoezi kwa vitendo ni saa ngapi, na chuo kinakutafutia mahali au unajitafutia? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Shahada yako ya kwanza inakubalika, au utahitaji kozi za nyongeza? Ukihitimu, utasajiliwa wapi? Kenya, kwa mfano, ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Usije ukasoma nchi moja ukitarajia kufanya kazi nyingine bila kujua masharti yake.

Jiulize na nafsi yako pia. Anayependa kusikika atachoka mapema katika kazi hii. Anayekuja ili apone majeraha yake kupitia ya wengine, atangulie kutafuta msaada wake mwenyewe. Vyuo vingi huwashauri au huwataka wanafunzi wapitie unasihi wao binafsi kwa sababu hiyo.

Kwa jumuiya yetu

Hatuhitaji kungoja wahitimu kumi ili tuanze. Napendekeza mambo manne. Tuchague kaka wawili na dada wawili wenye ulimi mzito wa siri, wapewe mafunzo mafupi ya kusikiliza, na wawe na mtaalamu wa kuwasimamia. Tuwe na orodha ya mahali pa kuwapeleka watu: kituo cha unasihi cha chuo, hospitali, masheikh wanaosikiliza. Tupige marufuku maombi ya dua yanayomwonyesha mhusika bila idhini yake. Na khatibu wetu atenge angalau khutba moja kila muhula kuhusu huzuni katika maisha ya Mitume, ili anayeumia asidhani kwamba yuko peke yake.

Maswali ya halaqa

1. Katika hadithi ya kijana na Mtume (s.a.w.), ni hatua zipi zilitangulia kabla ya dua? Sisi huanza na ipi?
2. Taja hali mbili ambazo siri ya mtu inajuzu kuelezwa. Ielezwe kwa nani, na kwa kiasi gani?
3. Kwa lugha ya nyumbani kwenu, watu husemaje wanapokuwa na huzuni nzito isiyoondoka?
4. Wawili wawili: mmoja azungumze kwa dakika kumi, mwingine asikilize bila kushauri. Kisha mbadilishane, na kila mmoja aseme alijisikiaje.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yenye huruma na ndimi zenye kuhifadhi, awaondolee dhiki wale walio nazo miongoni mwetu wasioweza kusema, na awafanye wanaowasikiliza kuwa waaminifu. Amin.